Kiswahili kilisafiri kwenye tabaka la anga tusilolipa jina

MAJUZI mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, alinitumia ujumbe wa simu. Baada ya salamu na kuniuliza hali ya goti langu, aliandika: “Prof, wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wamenibana. Mwalimu wa Fizikia aliwaambia redio ya babu hunasa stesheni za mbali usiku kwa sababu ya tabaka fulani lililo juu angani. Wakaja kwangu wakitaka jina lake kwa Kiswahili. Nikawaambia nitawajibu Jumatatu. Leo ni Jumapili.”

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu tabaka hilo nalijua kwa jina la kitaalamu. Naijua pia sababu mojawapo ya mwalimu huyo kutolipata jina hilo katika orodha ya istilahi aliyokuwa nayo mkononi. Nitaieleza sababu hiyo kabla ya kufika mwisho wa makala haya, na haitanipendeza.

Kwanza redio yenyewe. Wasomaji wa rika langu watakumbuka. Nyumbani kwetu palikuwa na redio moja ya betri iliyowekwa juu ya kabati ili watoto tusiifikie. Mchana ilinasa stesheni moja au mbili tu. Jua lilipotua ilifunguka kama mlango, tukasikia London, Cairo na kwingineko, na lugha ambazo hatukuzijua hata kwa majina. Marehemu baba alikuwa na maelezo yake: eti sauti za mbali hupenda giza. Tulimwamini. Na ukweli ni kwamba hakuwa mbali sana na jibu sahihi.

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza tarehe 27 Juni 1957. Radio Cairo ilikuwa imeitangulia mnamo 1954, na Sauti ya Ujerumani ikafuata mnamo 1963. Kabla ya setilaiti na intaneti, matangazo hayo yalisafiri maelfu ya kilomita kutoka kaskazini hadi vijijini mwetu. Tunapofundisha historia ya kuenea kwa Kiswahili huwa tunawataja wafanyabiashara wa misafara, wamishenari, askari, shule, vyama vya siasa na nyimbo. Ni nadra sana kulitaja tabaka la hewa lenye chembe za umeme ambalo liliyarudisha mawimbi hayo chini ili yatufikie. Kiswahili kilibebwa na kitu ambacho chenyewe hakikuwa na neno la kukiita.

Jina lililotoholewa ni ayonosfia. Hebu tuone ni nini.

Wimbi la redio husafiri kwa mstari ulionyooka, ilhali dunia ni mviringo. Kwa hiyo wimbi likitoka London lingepaswa kupaa na kupotelea angani. Ndiyo maana watu walishangaa tarehe 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi aliposema amenasa ishara ya redio huko Newfoundland iliyotumwa kutoka Poldhu, kusini-magharibi mwa Uingereza, ng’ambo ya Bahari ya Atlantiki. Mwaka uliofuata, Oliver Heaviside wa Uingereza na Arthur Kennelly aliyekuwa Marekani walitoa wazo lilelile, kila mmoja kivyake: huenda kule juu kuna tabaka linalopitisha umeme na kuyarudisha mawimbi chini. Mwishoni mwa 1924, Edward Appleton na Miles Barnett walithibitisha wazo hilo kwa vipimo, na mwaka 1947 Appleton akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Jina “ionosphere” lilipendekezwa na Robert Watson-Watt mnamo 1926. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa akiliita anavyotaka.

Na kuhusu giza la baba? Mwanga mkali wa jua huvunja atomu za hewa ya juu na kutoa elektroni zilizo huru. Katika kimo cha kilomita 60 hadi 90 hivi mna tabaka la chini, liitwalo D, ambalo mchana humeza mawimbi mengi yanayopita. Jua likitua, tabaka hilo hutoweka upesi kwa sababu pale chini hewa ni nzito na elektroni hurudiana na atomu haraka. Tabaka za juu zaidi, hasa F, hubaki usiku kucha na huendelea kuyarudisha mawimbi duniani. Mmezaji ameondoka na mrudishaji amebaki. Basi, sauti za mbali kweli hupenda giza!

Hapa nina dokezo la kiisimu. Tumezoea kusema stesheni hizo zilisikika katika “masafa mafupi”. Neno masafa, kama kila mzungumzaji ajuavyo, lina maana ya umbali. Mgeni akisikia “masafa mafupi” atadhani ni mawimbi yasiyofika mbali, kumbe ndiyo yaliyokuwa yakitufikia kutoka Ulaya! Kilicho kifupi ni urefu wa wimbi lenyewe, yaani mita 10 hadi 100, na wala si safari yake. “Mawimbi mafupi” lingekuwa jina sahihi zaidi. Lakini kosa limeshakomaa na watangazaji wetu wamelizeekea. Linatufunza jambo moja: istilahi ikizaliwa bila mtu wa kuielewa sayansi iliyo nyuma yake, hukua imepinda, na ikishakua hainyooki kwa urahisi.

Mwanasayansi aliyejua kutaja

Katika kutafuta jibu la mwalimu wangu, nilijikuta nikirudi kwa mtu ambaye nimemsoma mara kwa mara ingawa mimi si mwanafizikia. Anaitwa Sydney Chapman. Alizaliwa tarehe 29 Januari 1888 huko Eccles, karibu na Manchester, akafariki tarehe 16 Juni 1970 huko Boulder, Colorado. Kwa zaidi ya nusu karne alichunguza uga sumaku wa dunia na ayonosfia. Kilichonivutia kwake ni kwamba alikuwa mtaalamu wa hesabu aliyejali maneno. Mnamo 1946 aliandika katika jarida la Nature kuhusu majina tu ya taaluma yake, ambapo alipendekeza neno “aeronomy”. Neno hilo linatumika hadi leo.

Chapman alisomea Manchester kisha Cambridge. Mwaka 1910 aliajiriwa kuwa msaidizi mkuu katika Kituo cha Kifalme cha Unajimu cha Greenwich. Kazi mojawapo aliyopewa ilihusu jengo jipya la kupimia sumaku. Hapo ndipo alipokutana na fumbo lililomshika maisha yake yote.

Fumbo lenyewe ni hili. Dunia yetu ni sumaku kubwa. William Gilbert aliliandika hilo mnamo 1600. Ndiyo maana dira ya nahodha huelekeza ncha yake kaskazini. Lakini mwaka 1722 fundi wa saa mjini London, George Graham, aliitazama sindano ya dira kwa makini na kugundua kwamba haitulii. Kila siku husogea kidogo upande mmoja, kisha hurejea, kwa kufuata saa za mchana. Mnamo 1882 Balfour Stewart alikisia kwamba lazima kuna mikondo ya umeme juu angani inayoisumbua sindano hiyo. Zingatia, msomaji wangu, kwamba hii ni miaka 19 kabla ya ishara ya Marconi. Sumaku iliishuku ayonosfia kabla redio haijaigundua.

Chapman alichukua daftari za vipimo kutoka vituo mbalimbali duniani na kuanza kuchambua. Je, katika kusogea huku kwa sindano, sehemu gani inafuata jua na sehemu gani inafuata mwezi? Wavuvi wa Lamu na Vanga hawahitaji kufundishwa kuwa mwezi huvuta maji. Wana maneno yao tangu jadi: kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu. Alichotaka kujua Chapman ni iwapo hewa nayo ina kupwa na kujaa kwake. Mnamo 1918 alionyesha, kwa kutumia vipimo vya kanieneo ya hewa vya Greenwich vya miongo mingi, kwamba mwezi kweli huivuta hewa. Badiliko hilo ni dogo mno, nalo limefichwa na dhoruba na mawingu ya kila siku. Ilimbidi achague siku tulivu, ajumlishe maelfu kwa maelfu ya vipimo kwa mkono, na kungoja kelele zifutane ili sauti ndogo ibaki. Hakukuwa na tarakilishi. Palikuwa na karatasi, kalamu na subira. Mwaka wa kifo chake, 1970, kilichapishwa kitabu alichokiandika pamoja na Richard Lindzen kuhusu kujaa na kupwa kwa angahewa. Fumbo moja lilimchukua zaidi ya miaka 50.

Hewa ya juu ikivuma ndani ya uga sumaku wa dunia hutokea jambo lilelile linalotokea ndani ya dinamo ya baiskeli. Kitu kinachopitisha umeme kikisogea penye sumaku, mkondo huzaliwa. Mikondo hiyo ndiyo inayoisogeza sindano ya dira. Mfano wa baiskeli ungempendeza Chapman mwenyewe, maana alikuwa mpanda baiskeli sugu.

Mnamo 1931 alieleza kwa nini elektroni hukusanyika katika matabaka badala ya kuenea sawasawa. Nimezoea kulifafanua jambo hili kwa mfano wa karamu ya arusi. Sahani za pilau zinaingia kwa mlango wa mbele. Karibu na mlango sahani ni tele lakini walioketi ni wachache. Nyuma kabisa watu wamefurika, ila sahani zimeisha kabla ya kuwafikia. Penye kula kwingi ni katikati. Mwanga wa jua nao hushuka kutoka juu. Kule juu kabisa mwanga ni mwingi lakini hewa ni haba. Chini hewa ni nzito lakini mwanga wa kuvunja atomu umeshamezwa. Katikati ndiko zinakozaliwa elektroni nyingi zaidi. Hadi leo wataalamu huliita umbo hilo “tabaka la Chapman”.

Mnamo 1940, yeye na Mjerumani Julius Bartels walichapisha kitabu kikubwa cha juzuu mbili, Geomagnetism. Tazama mwaka huo: nchi zao zilikuwa vitani. Kitabu hicho kilisomwa na vizazi vya watafiti. Baada ya kufundisha Manchester, chuo cha Imperial jijini London na Oxford, Chapman hakustaafu akaketi. Alihamia Marekani na kuanza kazi upya huko Alaska, akigawa mwaka wake kati ya Fairbanks na Boulder, huku amepita umri wa miaka 60. Mimi nimo katika umri huo sasa, na theluji ya Alaska naiogopa hata kwenye picha.

Tarehe 5 Aprili 1950 alikuwa mmoja wa wageni waliokula chajio nyumbani kwa James Van Allen, karibu na Washington. Mezani hapo Lloyd Berkner alitoa wazo la kuwa na mwaka mwingine wa utafiti wa ncha za dunia. Wazo hilo lilikua likawa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza tarehe 1 Julai 1957 na kumalizika tarehe 31 Desemba 1958. Chapman aliongoza kamati yake, na jina hilo pana, lisiloishia kwenye ncha za dunia, linahusishwa naye. Ni katika kipindi hicho ambapo Sputnik ilirushwa, tarehe 4 Oktoba 1957. Linganisha tarehe hizo na ile ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC: siku nne tu ziliitenganisha na Mwaka wa Jiofizikia. Dunia ilianza kuipima ayonosfia kwa pamoja wiki ileile ambayo Kiswahili kutoka London kilianza kuitumia.

Mkondo unaopita Afrika

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1922 kituo cha sumaku kilijengwa Huancayo, nchini Peru. Watafiti wakashangaa: sindano ya pale ilisogea mchana kwa kiasi kikubwa mno kuliko ilivyotarajiwa. Huancayo iko karibu na ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano iliyoachwa huru hulala mlalo bila kuinamisha kichwa chini. Hapo, katika kimo cha kilomita zipatazo 105, hupita mkondo mwembamba wenye nguvu wa umeme, kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati wa mchana. Mnamo 1951 Chapman aliupa jina: “equatorial electrojet”. Kabla ya hapo watu walitumia maelezo marefu. Baada yake walikuwa na neno, na neno likawaunganisha.

Msomaji, usichanganye ikweta hii na ile ya Nanyuki ambapo watalii hupigwa picha. Ikweta ya sumaku haifuati ile ya ramani. Barani Afrika imepanda kaskazini, inakatiza Nigeria kaskazini na kupita karibu na Addis Ababa. Ndiyo maana vyuo vikuu vya Afrika vilikuwa na nafasi ambayo Oxford haikuwa nayo: mkondo ulipita juu ya vichwa vyao.

Nafasi hiyo ilitumiwa. Katika Chuo Kikuu cha Ibadan, Mnigeria Agodi Onwumechili aliufanya mkondo huo kuwa kazi yake ya maisha. Mnamo 1967 aliandika sura kuhusu mabadiliko ya sumaku katika ukanda wa ikweta katika kitabu kikuu cha taaluma hiyo kilichohaririwa na Matsushita na Campbell. Baadaye, kati ya 1979 na 1982, aliongoza Chuo Kikuu cha Ife kama makamu wa chansela. Mnamo 1997 alichapisha kitabu kizima kuhusu mkondo huo. Chapman alitoa jina. Mwafrika akaandika kitabu.

Na Kenya? Tusijidharau. Mapema katika miaka ya 1970, N. J. Skinner na R. F. Kelleher wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha tafiti kuhusu vurugu za tabaka la F juu ya Nairobi. Huko Malindi, Waitaliano walikuwa wamejenga jukwaa la San Marco baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha kutoka hapo setilaiti ya kuchunguza hewa ya juu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa hilohilo na kuitwa Uhuru. Neno letu likapaa na kupita ndani ya ayonosfia. Lakini tabaka lililopitwa halikuwa na jina katika lugha ya neno hilo.

Je, haya yanamhusu mwananchi? Yanamhusu. Ishara ya setilaiti inayomwongoza dereva wa teksi au rubani hupita ndani ya ayonosfia. Katika ukanda wetu, jua likishatua, tabaka hilo mara nyingine hutokota kama uji na kutoa mapovu yanayoitikisa ishara. Mpima ardhi anayehitaji usahihi wa sentimita anaweza kupoteza kazi ya jioni nzima. Dhoruba za sumaku kutoka kwenye jua nazo si hadithi. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba moja ilizima umeme wa jimbo la Quebec, Kanada, na watu wapatao milioni sita wakakaa gizani kwa saa zipatazo tisa.

Kosa la msomi, na langu

Nisingependa umwone Chapman kama malaika. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Kristian Birkeland wa Norway alidai kwamba nuru za kaskazini huambatana na mikondo ya umeme inayoshuka kutoka anga za mbali kwa kufuata mistari ya uga sumaku. Birkeland alifariki Tokyo mnamo 1917 bila kukubaliwa. Chapman, kwa uzito wa hesabu zake, alishikilia kwamba vipimo vya ardhini vinaelezeka kwa mikondo iliyomo ndani ya ayonosfia yenyewe. Hesabu zake zilikuwa safi. Tatizo ni kuwa vipimo vya ardhini peke yake haviwezi kutofautisha picha hizo mbili. Kwa sababu Chapman alikuwa Chapman, watu wengi waliacha kutafuta. Katika miaka ya 1960 setilaiti zilipita huko juu na kukuta dalili za mikondo ya Birkeland. Leo mikondo hiyo inaitwa kwa jina lake.

Naeleza kisa hiki kwa sababu nina changu kinachofanana nacho kwa umbo, ingawa si kwa ukubwa. Miaka ya mwisho ya 1980, nikiwa mhadhiri kijana, niliketi katika jopo moja dogo la kuandaa orodha ya istilahi za sayansi kwa shule. Mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa Fizikia alileta maneno kama arobaini ya taaluma ya hewa ya juu, ayonosfia likiwemo. Alikuwa ameyaandika kwa mkono katika daftari la shule. Nilisimama nikasema, kwa ile sauti ya kijana aliyetoka tu kupata shahada, kwamba orodha ni ndefu na kwamba hakuna mkulima atakayewahi kuyahitaji maneno hayo. Wenzangu walicheka. Maneno yakakatwa. Mzee akafunga daftari lake bila kubishana.

Sikumuuliza hata mara moja: “Mwalimu, kwani ayonosfia hufanya nini?” Laiti ningemuuliza, angeniambia kuwa ndiyo iliyoleta sauti ya London juu ya kabati la baba. Mwalimu huyo sasa ni marehemu, na daftari sijui liliishia wapi. Orodha ilichapishwa bila maneno yake, na ndiyo iliyomwacha mwanafunzi wangu bila jibu siku ya Jumapili. Nilikuwa nimepima haja ya neno kwa kutazama chini tu, nisijue kilichokuwa kinapita juu.

Tufanye nini basi? Kwa ayonosfia, utohozi unatosha. Neno limeshatoholewa, linatamkika, na linafuata ngeli ya I-ZI bila matata. Kwa “magnetic field” tumekuwa na uga sumaku. Hii ni tafsiri mkopo. Uga ni uwanja wa wazi mbele ya nyumba, na mawazo ya uwanja yametoka ng’ambo. Lakini imeingia vitabuni na inaeleweka. Iacheni.

Kwa jina la Chapman la 1951, nina pendekezo. Kiswahili kina neno mkondo. Nahodha hulitumia kwa maji yaendayo kasi baharini, na fundi wa umeme hulitumia kwa kipitacho ndani ya waya. Chapman alihitaji kuunganisha maneno mawili ili kusema umeme unaotiririka kwa kasi katika njia nyembamba. Sisi tuna neno moja ambalo tayari limebeba bahari na umeme kwa pamoja. Tuseme mkondo wa ikweta ya sumaku, na kwa kifupi mkondo-ikweta. Vivyo hivyo kwa mwezi na hewa: tuna kujaa na kupwa kwa angahewa, maneno ambayo mtoto wa Faza au Gazi atayaelewa kabla hujamaliza kuyatamka. Upanuzi wa maana ya neno lililopo ni njia ya heshima ya kuunda istilahi, mradi anayepanua aelewe kitu chenyewe.

Hilo la mwisho ndilo langu la kusisitiza. Istilahi nzuri haitokani na mwanaisimu peke yake wala mwanafizikia peke yake. Wote wawili waketi meza moja, na mwanaisimu aulize maswali mengi kuliko anavyotoa maoni. Ningelijua hilo mapema, mzee yule asingefunga daftari.

Jumapili ile nilimjibu mwalimu wangu: “Waambie ni ayonosfia. Kisha waeleze tabaka D hufanya nini mchana na huenda wapi usiku.” Jumatatu jioni ujumbe wake ukaja. Wanafunzi walikuwa wamelipokea jina, ila msichana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa na lake. Alisema yeye angeiita dari ya redio.

Kama istilahi halifai sana. Dari haitoweki usiku na kurejea asubuhi. Lakini mtoto huyo ameelewa kwamba kule juu kuna kitu kinachoirudisha sauti chini. Nilimwandikia mwalimu amwambie binti huyo aliandike neno lake daftarini, na pembeni aandike sababu zake. Na daftari hilo asilifunge.